Ndugu Naye Alipwe: Ilani ya Wenye Maduka ya Familia

Sisi tunaotia saini hapa ni watu wa dukani. Wengine wetu tuna yale maduka ya vyakula ambayo Dar es Salaam nzima huyaita kwa Mangi, hata mwenyewe akiwa si Mchaga bali Mkinga au Mpemba. Wengine tuna genge, saluni, karakana ya kuchomelea madirisha, mashine ya kusaga, stoo ya nafaka, kibanda cha chipsi chenye meza 4. Hatulingani mitaji. Tunachofanana ni kwamba anayefungua mlango asubuhi na anayeufunga usiku wanaitana baba, mama, shemeji, mjomba, binamu.

Ilani za wafanyabiashara huanza na mamlaka ya mapato, TRA. Yetu haianzii huko. TRA tutaifikia, na mwenye nyumba tutamfikia, tena bila kunong'ona. Lakini kabla ya kumnyooshea mtu kidole tunasema hili, na asiyeweza kulisema asitie saini: anayenyonywa kuliko wote katika maduka yetu ni ndugu yetu, na tunaomnyonya ni sisi.

Tuanze na kijana wa dukani. Ametoka Rombo, Makete au Wete. Kamaliza shule, mjomba kapiga simu nyumbani: mleteni mjini anisaidie. Mshahara haukutajwa, wala hakuna aliyethubutu kuuuliza. Analala stoo karibu na magunia, anakula cha nyumbani, sikukuu ananunuliwa nguo. Ameahidiwa neno moja tu: vumilia, tutakufungulia duka lako.

Hatuubezi utaratibu huu. Ndio uliowafikisha Kariakoo wafanyabiashara wengi ambao benki isingewakaribisha hata kwenye kiti cha kusubiria. Kijana anajifunza bei, anajua mzigo wa jumla unakochukuliwa na saa ya kuuchukua, anamtambua mteja wa mkopo kabla hajamaliza kusalimia. Kisha siku moja anapewa mtaji, anapata fremu yake, naye anampigia simu mdogo wake. Wachaga na Wakinga wamejengana hivyo kwa vizazi, na hatuoni sababu ya kuwafundisha watu hao biashara.

Tatizo ni kwamba ahadi haina mwaka wala kiasi. Avumilie miaka mingapi? Duka la shilingi ngapi? Kijana hawezi kuuliza, maana kumuuliza mjomba ni utovu wa adabu. Mjomba naye kila mwaka ana sababu ya kweli kabisa: mwaka huu tunajenga, mwaka huu binti anaolewa, mwaka huu biashara imelala. Basi kijana anaanza kujilipa mwenyewe. Elfu 2 leo, vocha kesho, kreti ya soda ambayo haikuandikwa, mteja kauziwa kwa bei moja na droo imepokea bei nyingine. Siku akigunduliwa anaitwa mwizi, anarudishwa kijijini kwa basi la usiku, na ukoo unagawanyika pande 2 hadi msiba ufuatao. Mjomba anaapa hatamleta ndugu tena. Anaajiri mtu baki, na huyo anamlipa mshahara kila mwisho wa mwezi. Mtu baki kapewa kile ambacho ndugu alinyimwa kwa kuwa ni ndugu.

Kwa hiyo tunaahidi kwamba kila ndugu anayefanya kazi dukani atakuwa na mshahara unaotajwa kwa shilingi, hata ukiwa mdogo, hata kama sehemu yake ni chumba na chakula, almuradi navyo vimepigiwa hesabu na vimetajwa. Ahadi ya kufunguliwa duka itaandikwa: miaka mingapi, kiasi gani, na kama ni fedha mkononi au mzigo wa mali kauli atakaoulipa akiuza. Mtu mzima mmoja kutoka kila upande wa ukoo atashuhudia, na kijana atabaki na nakala yake mwenyewe, si nakala iliyofungiwa kabatini kwa mjomba.

Kuna suala la saa za kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 kwa wiki kuwa kikomo cha saa za kawaida. Duka linalofunguliwa saa 12 asubuhi na kufungwa saa 4 usiku, siku zote 7, linafanya saa 112. Hatutadanganya kwamba kesho tutafika 45. Mteja wa maharage anakuja saa 3 usiku na hatutamfukuza. Tunachokubaliana ni kwamba saa hizo 112 hazitabebwa na mtu mmoja, na kila anayefanya kazi atakuwa na siku yake ya kupumzika isiyohitaji kuombewa. Sheria hiyohiyo inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14. Binti wa darasa la nne kukaa kaunta dakika chache mama akiwa ndani, sawa. Kumkosesha shule ili auze, hapana, na anayefanya hivyo hatumtaki humu.

Sasa tuje kwa mama. Ingia duka lolote la familia uulize bei ya kununulia sabuni ya mche mwezi uliopita na mwezi huu, uulize nani anadaiwa na tangu lini, uulize muuza jumla yupi anakubali kurudishiwa unga ulioingia wadudu. Mara nyingi atakayejibu ni mama. Kisha tazama leseni ukutani: jina la baba. Mkataba wa fremu: baba. Lipa namba: baba. Na baba mwenyewe, tuseme kweli, mara nyingi yuko kwenye kazi nyingine, duka linaendeshwa na mtu ambaye kwa karatasi hayupo.

Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Seif, ilikubali kuwa kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa. Kama kupika na kulea kumehesabiwa tangu mwaka ule, kupima sukari, kukopesha kwa busara na kudai bila kugombana tunakuhesabuje? Shauri hilo hutajwa watu wanapoachana. Sisi hatutaki kungoja talaka. Mke anayefanya kazi dukani ataandikwa: jina la biashara linaposajiliwa kwa wakala wa usajili, BRELA, yeye ni mbia, si "msaidizi". Ambaye tayari amesajili peke yake atabadilisha. Waume waliotuambia kwamba hili litaleta kiburi nyumbani tumewasikiliza hadi mwisho, na kifungu kimebaki.

Halafu droo. Hapa kila mmoja wetu hulalamika mtaji mdogo, mtaji mdogo. Hebu tupige hesabu ya duka la mfano. Linauza 200,000 kwa siku, na kwa bidhaa za vyakula tuseme faida kabla ya gharama ni asilimia 12. Hiyo ni 24,000. Jioni inatoka 10,000 ya mboga na mkaa, 5,000 ya nauli za watoto, na kaka aliyepita kusalimia kaondoka na 20,000. Jumla 35,000. Pango halijaguswa, umeme haujaguswa, mshahara wa kijana ndio kabisa. Siku ile moja duka limekula 11,000 ya mtaji wake, na likiendelea hivyo siku 30 limekula 330,000. Baada ya miezi michache rafu za juu zinapambwa kwa maboksi matupu yaliyogeuzwa upande mzuri, na mwenye duka anasema biashara imerogwa.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii tumeirithi sote, tunaitaja kwenye semina na harusi, kisha tunarudi dukani kuandika madeni ya wateja peke yake, tena nyuma ya boksi la sigara. Kilichomo ndani ya daftari tunalolitaka hakihitaji mhasibu: kilichoingia, kilichotoka, nani alikichukua na kwa ajili gani. Familia itapangiwa posho yake ya wiki kutoka kwenye faida, si kutoka kwenye droo. Baba akichukua nje ya posho anaandikwa kama mdaiwa mwingine yeyote. Kaka aliyepita kusalimia naye anaandikwa. Tunajua hili ndilo litakalotutoa jasho kuliko yote, kwa sababu kumwandika kaka kunaonekana kama kumhesabia ndugu tonge. Lakini asipoandikwa yeye anayelipa ni kijana wa stoo, ambaye naye ni ndugu, ila ni mdogo na hana wa kumsemea.

Tumejiuliza kwa nini watu wajanja kama sisi tunaogopa kuandika. Jibu moja ni uvivu. Jibu jingine lina historia, na tunalitaja kwa sababu vijana wetu hawalijui. Mwaka 1976 kulikuwa na Operesheni Maduka: maduka ya watu binafsi vijijini yalifungwa ili nafasi yake ichukuliwe na maduka ya ujamaa, hadi serikali yenyewe ikalegeza bidhaa zilipokosekana. Mwaka 1983, chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, ukaja msako wa wahujumu uchumi. Wapo waliokuwa walanguzi kweli, na wapo waliokuwa na katoni kadhaa za sabuni tu, lakini wote waliogopa, wengine wakazitupa bidhaa zao usiku. Katika miaka ile daftari lililoandikwa vizuri lingeweza kuwa ushahidi dhidi ya mwenye nalo. Wazazi wetu walijifunza kuweka hesabu kichwani, kusema kidogo, kusajili kwa jina moja au kutosajili kabisa. Hawakuwa wajinga, mazoea hayo yaliwaokoa. Milango ya uagizaji ilianza kufunguliwa mwaka 1984, na miaka 40 na ushee baadaye sisi bado tunaficha hesabu, ila sasa tunawaficha wake zetu na watoto wetu.

Na kichwa kinachohifadhi hesabu hufa. Kifungu cha kifo kilitugombanisha kuliko vyote wakati wa kuandika ilani hii. Wazee kadhaa walitaka kiondolewe, wakasema ni kujitabiria. Tukakaa nao, tukauliza tu: mwenye duka akifa usiku wa kuamkia Jumatatu, Jumatatu nani anafungua? Hakuna aliyejibu haraka.

Leseni ina jina la marehemu. Namba ya mlipakodi ni yake. Laini ya simu inayopokea malipo ya wateja ni yake, na nywila anaijua yeye, au mtoto mmoja anaijua kwa siri, jambo ambalo ni baya zaidi. Mkataba wa fremu ni wake, na mwenye nyumba anafika msibani akiwa na mpangaji mpya tayari. Fedha zilizo benki zinangoja msimamizi wa mirathi ateuliwe na mahakama, wakati mzigo wa mali kauli haungoji: muuza jumla anadai, na ana haki. Mirathi nchini kwetu ina njia zaidi ya moja, ya kimila, ya Kiislamu, na ya sheria ya India ya mwaka 1865 tuliyoirithi kwa Waingereza. Familia huanza kwa kubishana juu ya njia kabla hazijafika kwenye duka. Wakati huo maziwa yanachacha kwenye friji.

Wakubwa kuliko sisi wamepita humo. Allidina Visram alifika Bagamoyo kutoka Kutch, India, katika karne ya 19, akafanya kazi kwa Sewa Haji Paroo, kisha akaeneza maduka yake kutoka pwani hadi Uganda. Alifariki mwaka 1916, mwanawe akafuata mwaka 1923, na mtandao ule mkubwa haukudumu muda mrefu baada yao. Karibu zaidi, majirani zetu wa Kenya waliyaona maduka ya Tuskys, yaliyoanzia Nakuru kwa mzee Joram Kamau, yakipanuka hadi kuwa miongoni mwa makubwa nchini. Mzee alifariki mwaka 2002. Ndugu wakafikishana mahakamani, na kufikia mwaka 2020 waliowauzia mzigo walikuwa wakidai huku rafu zikibaki wazi. Atakayesema yaliuawa na madeni yuko sahihi, lakini madeni ya ukubwa ule yanahitaji wenye mali wanaosemezana.

Mwafaka tuliofikia na wazee ni huu. Ilani haitamwambia mtu amrithishe nani. Hilo ni lake, na dini yake, na ukoo wake, na anayetaka kuandika wosia, wakala wa serikali RITA watamwandikia na kumtunzia. Sisi tunadai kitu kidogo zaidi, tumekiita barua ya mlango. Ni ukurasa mmoja: nani atafungua duka siku ya pili, nani ataliendesha hadi msimamizi apatikane, tunadaiwa na nani, tunamdai nani, mkataba wa pango uko wapi na unaisha lini. Inasomwa mbele ya mke na watoto wakubwa mwenyewe akiwa hai na mzima, na inaandikwa upya kila mwaka wakati wa kufunga hesabu. Mzee aliyepinga kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa wa kwanza kuiandika yake. Alimtaja binti yake, si mwanawe, na kulikuwa na kelele.

Sasa tuna haki ya kuwageukia wengine.

Kwa wenye nyumba: kilemba ni fedha inayolipwa bila risiti ili kuruhusiwa kulipa fedha nyingine. Pango la mwaka mzima mbele ndilo linalomaliza mtaji wa duka jipya kabla halijanunua hata katoni ya kwanza. Tunataka mikataba ya maandishi, pango la miezi 3, na notisi ya kweli. Wanachama wetu hawatalipa kilemba, na hawatapandiana dau kwenye fremu ya mwenzao aliye matatani au aliye msibani. Na ile kodi ya zuio ya asilimia 10 kwenye pango ni ya mwenye nyumba. Sheria imempa mpangaji kazi ya kuizuia na kuiwasilisha, haikumpa kazi ya kuilipa kutoka mfukoni mwake.

Kwa wakopeshaji wa kausha damu hatuna hotuba. Atakayeingia kwetu akiwa na mkopo wao anapewa miezi 6 ya kutoka huko, na wanachama wa mtaa wake watakaa naye kupanga namna. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ipo tangu mwaka 2018. Anayeshikilia kadi ya benki ya mama lishe kama dhamana anajua anachofanya.

Kwa serikali, TRA ikiwemo. Tulifunga maduka Kariakoo mwezi Mei 2023, Waziri Mkuu wa wakati ule akaja Mnazi Mmoja kutusikiliza, na Juni 2024 tukafunga tena. Hatujutii. Ila tumegundua kwamba mtu anayegoma bila hesabu mkononi anaishia kupewa pole. Jedwali la kodi la mwaka 2019 kwa wafanyabiashara wadogo linatosha kuwa mfano: mwenye mauzo kati ya milioni 4 na milioni 7 kwa mwaka asiye na kumbukumbu alitozwa 100,000, mwenye kumbukumbu alitozwa asilimia 3 ya kile kinachozidi milioni 4. Kwa mauzo ya milioni 6 hiyo ni 60,000. Wengi wetu tulilipa 40,000 zaidi kwa kukosa daftari la shule.

Hapohapo tunasema kwamba ngazi ya juu ya jedwali hilo ilikuwa na kasoro ambayo daftari haliponyi. Asilimia 3.5 ya mauzo haijui faida. Muuza vitambaa aliivumilia. Muuza sukari na unga wa jumla, ambaye faida yake kwenye mfuko inaweza kuwa chini ya asilimia hiyo, alitozwa mtaji. Tunataka bidhaa za faida nyembamba ziangaliwe peke yake, na tutakuja mezani na madaftari ya mitaa mizima kuonyesha, si na mabango. Tunataka pia mikopo ya halmashauri inayotokana na asilimia 10 ya mapato yake iache kudhani kwamba kila mtu anafanya biashara kwa kikundi. Duka la mume na mke halipati, ndiyo maana vikundi vya karatasi vinazaliwa kila msimu wa mikopo na kufa mkopo ukitoka.

Sisi si chama cha siasa, na mgombea atakayepita na fulana atanunua soda kama wengine. Si SACCOS, hatutakusanya michango, maana tunajijua. Hatutafuti mfadhili. Kila mtaa utakuwa na watu 10 wanaofahamiana kwa sura, wanaokutana Jumapili moja kila mwezi baada ya ibada na kukaguana madaftari, duka hili likikagua lile.

Anayetaka kuingia aje na vitu 3: daftari la miezi 3 mfululizo, barua ya mlango, na ndugu anayefanya kazi dukani kwake. Ndugu huyo ataitwa ndani kwanza, aulizwe analipwa kiasi gani na kama nakala ya ahadi anayo mkononi. Mwenye duka atasubiri nje.